Tule Wapi Leo?



Wapendwa waamini, juma hili mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo amenijia na swali lililomkaa moyoni. Dominika iliyopita, nilipofika kigangoni kwao kwa Misa Takatifu, niliona kuku akifukuzwa uani, nikaomba aachwe. Nikauliza nyumbani kumepikwa nini. Nikaambiwa ni ugali wa muhogo na kisamvu, nikasema hicho ndicho nitakachokula. Mama yule alidhani nimekasirika, au kwamba nimedharau nyumba yake. Nimeona vema nimjibu hapa mbele yenu nyote, kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na linaanzia mbali sana na Mto Ruvuma. Linaanzia Stockholm, mji mkuu wa Uswidi.

Mwezi wa Novemba mwaka 2022 nilijaliwa kuwa mgeni katika mji huo kwa siku chache. Ni mji uliojengwa juu ya visiwa, na katika mwezi huo jua huzama yapata saa tisa alasiri. Nilifikia karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Erik, lililojengwa mwaka 1892 na kupanuliwa mwaka 1983. Wakatoliki kule ni wachache, na wengi wao ni wahamiaji kutoka pande zote za dunia, hata ukiingia kanisani Dominika unasikia lugha nyingi kuliko sokoni Mtwara siku ya mnada.

Alhamisi moja, padre mwenyeji wangu alinipeleka kula chakula cha mchana. Akanifundisha kwamba mtu asiye na fedha nyingi kule hula nje mchana, siku za kazi, wakati migahawa inapotoa chakula cha siku, wanachokiita dagens. Kwa bei moja unapata sahani yako, saladi, mkate, maji na kahawa. Mgahawa ule ule ukirudi jioni, bei yaweza kuwa maradufu. Siku ile chakula kilikuwa supu nzito ya njegere za manjano iliyopikwa na nyama ya nguruwe, na baadaye chapati za maji. Nikauliza kwa nini kila mlango tuliopita umeandika supu hiyo hiyo. Akacheka, akasema ndiyo desturi ya Alhamisi, na kwamba wengi huieleza hivi: zamani, kabla ya Matengenezo ya karne ya 16, watu walishiba Alhamisi ili waweze kufunga Ijumaa. Mfungo wenyewe wengi wameusahau, lakini supu imebaki. Niliitafakari supu ile kwa muda mrefu. Ni mambo mangapi na sisi tunayatenda kwa mazoea, hali sababu yake tumekwisha kuipoteza?

Jioni ya siku hiyo nilikuwa na miadi na kijana wa Mikindani, Mwislamu, aliyeishi kule miaka kadhaa akiosha vyombo katika jiko la mgahawa. Shangazi yake, jirani yetu hapa Mahurunga, alikuwa amenipa kilo mbili za korosho nimpelekee. Alinipokea kwa shikamoo ya heshima, akaikumbatia ile korosho kana kwamba ni mtoto. Kisha akasema, "Padre, wewe ni mgeni. Chagua tule wapi, mimi nitafuata."

Wapendwa, hapo ndipo lilipo kosa langu. Nilichagua kweli kweli! Tulitembea katika mitaa myembamba ya Gamla Stan, mji wa kale, nikisoma karatasi za bei madirishani mmoja baada ya mwingine. Pale palikuwa na giza, hapa palijaa watu, kule chakula sikukijua. Tulisimama mbele ya Den Gyldene Freden, mgahawa uliofunguliwa mwaka 1722 na ambao leo ni mali ya Akademia ya Uswidi. Kwa desturi wajumbe wa Akademia hula humo Alhamisi jioni, na ndio waliompa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Nilijisikia fahari kusimama mlangoni pale kama Mtanzania. Nikasoma bei, fahari ikapoa, tukaendelea. Muda wa saa nzima ulipita hivyo, katika baridi, na kijana yule hakunung'unika hata mara moja.

Hatimaye niliuchagua mgahawa mmoja, kwa sababu ulikuwa na mishumaa mezani na ulipendeza kwa picha. Niliagiza samaki. Yeye akaagiza supu ndogo na maji ya bomba, ambayo kule hayalipiwi. Nikamwambia, "Kula, mwanangu." Akajibu, "Nimeshiba, Padre, nilikula kazini." Nikaamini, kwa kuwa kuamini kulinifaa. Bili ilipokuja nikatoa noti zangu, nikaambiwa hapo hawapokei fedha taslimu, ni kadi tu. Akalipa yeye, zaidi ya kronor 700. Nilipompa zile noti alizikataa katakata, akisema mgeni wa shangazi yake halipi.

Tulipokuwa tukiingoja treni ya chini ya ardhi simu yake ililia, naye akazungumza kwa Kiswahili na mwenzake anayekaa naye. Nikasikia akisema, "Kuleni tu, msitungoje. Padre ameshakula mjini." Basi nikaelewa. Kulikuwa na chakula kilichopikwa nyumbani kwake, na watu wameketi wakinisubiri. Alikuwa amekusudia kunikaribisha kwake, ila adabu aliyolelewa nayo ilimtuma ampe mgeni nafasi ya kuchagua kwanza. Na mimi, katika kuchagua kote kule, sikumwuliza hata mara moja yeye angependa tule wapi.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimkumbuka Bwana wetu pale Yeriko (Lk 19), mji uliojaa watu wa heshima ambao wangefurahi kumkaribisha. Yeye alitazama juu ya mti, akamchagua Zakayo. Hatuambiwi kilichopikwa. Tunaambiwa tu ni nyumba ya nani, na kilichotokea katika moyo wa mwenye nyumba.

Jumamosi nilimpigia kijana simu, nikaomba mwenyewe kwenda kwake. Treni ilitupeleka hadi Tensta, nje ya katikati ya mji, wanakoishi wahamiaji wengi. Tuliketi watu sita katika chumba kidogo: yeye na mwenzake, Wasomali wawili, Mweritrea mmoja Mkatoliki, na mimi. Tukala wali wa nazi ya kopo na samaki wa barafu kwa mkono, katika sinia moja, na mwishoni akamwaga korosho za shangazi katikati. Nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Akasema, "Padre, yamekwisha. Kula." Safari hii na yeye alikula hadi akashiba.

Mama yangu mpendwa, sasa unajua kwa nini nilimwombea kuku wako. Nafahamu kwamba Padre anapokuja, kuku wa mwisho huchinjwa, mchele hukopwa dukani, na juma linalofuata watoto hulipa deni hilo kwa matumbo yao. Nafahamu pia kwamba wapo wanaosema "nimeshiba" mbele yangu ili mimi nishibe. Kwa miaka mingi niliamini, kwa kuwa kuamini kulinifaa. Katika Injili (Lk 10), wale sabini na wawili walipotumwa waliagizwa wale walichowekewa, na wasihame kutoka nyumba hadi nyumba. Naona sasa kwamba agizo lile lilimlinda mwenye nyumba kabla ya kumlinda mgeni.

Basi nawaomba wenyeviti wa vigango vyote mlipokee hili. Kuanzia sasa nitakula kilichopikwa kwa ajili ya watoto wa nyumba hiyo, iwe ugali wa muhogo na dagaa, iwe ming'oko ya kuchemsha. Asikope mtu kwa ajili yangu. Na anayetumwa kusema ameshiba, aketi karibu nami, ili nimwone akila.

Kuku yule, mama, akitaga, nitakuja kuwasalimu vifaranga.

Nawatakieni nyote Dominika njema.

Wenu katika Kristu,
Paroko