Jumamosi za Melrose

Iowa City ni mji wa chuo kikuu uliozungukwa na mashamba ya mahindi. Siku za kawaida unavuka Barabara ya Melrose bila kugeuza shingo. Lakini Jumamosi za vuli, timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, Hawkeyes, inapocheza nyumbani, watu karibu elfu sabini humiminika kwenye Uwanja wa Kinnick, na mji unakuwa kama umepata mji mwenzake kwa siku moja. Nilifika huko mwaka 2017 kusomea afya ya jamii, nikapanga chumba cha chini kwa mzee mmoja mjane, mstaafu wa posta, ambaye nyumba yake ilikuwa jirani na uwanja. Alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza. Mimi mtoto wa Tanga, mtu wa umri wa babu yangu nitamwitaje hivyo? Nikamwita Mzee. Alipenda, nadhani alidhani ni cheo.

Sehemu ya kodi niliilipa kwa kupanga magari. Wenye nyumba za Melrose hugeuza nyasi zao kuwa maegesho siku ya mechi, na Mzee alikuwa na wateja wale wale miaka nenda rudi: wakulima kutoka kaunti za mbali, mwalimu wa sekondari na wanawe, ndugu wawili wauza matrekta. Walifika alfajiri, wakafungua nyuma za pikapu zao, wakawasha majiko, wakachoma soseji na mahindi, wakaanza kubishana. Mimi niliyelelewa na vijiwe vya Simba na Yanga nilitarajia wabishanie nani afunge na nani akae benchi. Haikuwa hivyo. Walibishania mchezo wenyewe umefanywa nini. Kwamba televisheni ndiyo inayopanga saa ya mechi, na siku nyingine watu wanaambiwa wawe uwanjani saa tano asubuhi, kabla hata nyama haijaiva. Kwamba Rutgers na Maryland, vyuo vya pwani ya mashariki, viliingizwa kwenye ligi yao mwaka 2014, na ligi inayojiita Big Ten ikawa na timu 14. Kwamba matangazo ya biashara yanasimamisha mchezo mpaka wachezaji wanapata baridi.

Mchezo wenyewe ulinichukua muda kuuelewa, na mengine sikuyaelewa mpaka naondoka. Kilichonivuta mapema ni jinsi Hawkeyes wanavyoingia uwanjani. Hawakimbii. Wanatoka pole pole, wameshikana mikono, majitu yenye vifua kama makabati. Marekani hutaona wanaume wawili wakitembea barabarani wameshikana mikono. Tanga mtu humshika rafiki yake mkono kutoka sokoni mpaka msikitini na hakuna anayegeuka. Desturi hiyo ya Iowa ni ya kocha Hayden Fry, aliyeifundisha timu toka 1979 hadi 1998. Ni yeye pia aliyepaka chumba cha timu ngeni rangi ya waridi, kwa kuwa alisoma saikolojia na aliamini rangi hiyo humpunguzia mtu ukali. Mashabiki walimsimulia Fry kama watu wa pwani wanavyosimulia masheikh wa zamani, kila mtu na karama yake aliyoisikia.

Halafu, mechi ya kwanza ya msimu ule, tarehe 2 Septemba 2017 dhidi ya Wyoming, likazuka jambo jipya. Ng'ambo ya barabara kuna hospitali ya watoto ya chuo, iliyokuwa imefunguliwa mwaka huo huo, na kutoka ghorofa zake za juu uwanja unaonekana wote. Shabiki mmoja wa kawaida alitoa wazo kwamba robo ya kwanza ikiisha, kila mtu ageukie hospitali na kuwapungia mkono watoto waliolazwa. Siku hiyo watu waligeuka. Wiki tatu baadaye, Penn State walipokuja usiku, uwanja mzima uligeuka, makocha, waamuzi na wageni wakiwemo. Iowa walifungwa 21 kwa 19 katika shambulizi la mwisho kabisa la usiku ule, lakini asubuhi uani kwa Mzee kilichozungumzwa kwanza ni ile mikono.

Kanisani nilimfahamu mama mmoja wa Uvira aliyekuwa akifanya usafi hospitalini humo. Iowa City ina Wakongo wengi, na Kiswahili utakisikia dukani na kwenye basi. Yeye aliliona jambo hilo kutoka juu. "Bantu bote banageuka, mwanangu," aliniambia. "Hata ba polisi." Alisema kuna mtoto aliyekataa chakula siku nzima ambaye alikubali kula mbele ya dirisha lile.

Wateja hawa hawa wa Mzee, waliolalamikia kila lililobadilika, waliupokea mpungo ule kwa wiki tatu. Hakuna aliyesema enzi za Fry hatukufanya hivyo. Kwa muda niliwaona vigeugeu. Baadaye nikaona wana kipimo chao, ingawa hawakukitamka: waliuliza jambo limetoka wapi. Mpungo ulitoka jukwaani. Saa za mechi zilitoka kwenye ofisi za televisheni.

Kipimo hicho nilikiheshimu, lakini kilikuwa na tundu, na tundu lenyewe nililikuta kwenye hadithi ya nguruwe.

Kila mwaka Iowa na Minnesota hugombea nguruwe wa shaba wa kilo zipatazo 44, aitwaye Floyd of Rosedale. Mzee aliwasimulia wageni hadithi yake kwa raha: mwaka 1935 magavana wawili, Clyde Herring wa Iowa na Floyd Olson wa Minnesota, waliwekeana dau la nguruwe. Minnesota walishinda, na Herring akampeleka Olson nguruwe mzima, anayepumua. Wageni walicheka, na mimi nilicheka. Ilikuwa ni mfanyakazi mmoja mweusi wa maktaba ya chuo aliyeniuliza kama najua kwa nini magavana walihitaji mzaha mwaka ule.

Mwaka 1934 Iowa walikuwa na mchezaji hodari sana, Ozzie Simmons, kijana mweusi kutoka Texas. Katika mechi ya Minnesota alipigwa vikumbo mpaka akatoka uwanjani zaidi ya mara moja, na watu wa Iowa waliamini alilengwa makusudi. Mwaka uliofuata hasira ilikuwa imepanda kiasi kwamba gavana Herring alitoa kauli ya kuonya, na Olson akajibu kwa dau la nguruwe ili kupoza mambo. Nguruwe alibaki. Simmons, kwa ustadi wake wote, hakuweza hata kucheza ligi kuu ya kulipwa, kwa sababu toka 1934 hadi 1946 ligi hiyo haikuchukua wachezaji weusi.

Nilimpelekea Mzee habari hiyo kama mtu aliyefukua dhahabu. Alikuwa anaijua. Baba yake alikuwepo uwanjani siku ile ya 1934, na alimtaja Ozzie mpaka uzeeni. "Sasa mbona hujaisimulia?" nilimuuliza. Alisema watu wanakuja uani kwake kufurahi.

Jibu hilo lilinirudia Julai 2021, wachezaji wa vyuo waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kupokea pesa kwa matumizi ya majina na sura zao. Vuli ile, baada ya msimu mzima wa korona bila umati, wateja wote walirudi, na pesa za vijana ndizo zilizotawala maongezi. Mkulima mmoja alisema mchezo umekwisha. Zamani walicheza kwa mapenzi ya jezi. Nikasema kocha wao, Kirk Ferentz, analipwa mamilioni kwa mwaka na ndiye mtumishi wa jimbo mwenye mshahara mnono kuliko wote, gavana ndani. Mbona mapenzi yake ya jezi hayajaharibika? Nikamtaja na Simmons. Nilipandisha sauti kidogo kuliko ilivyompasa mpangaji.

Mzee ndiye aliyeniunga mkono. "Mimi nalipwa kwa sababu nina nyasi karibu na uwanja," alisema. "Anayevunjika goti ndiye asilipwe?"

Mmoja wa wale wauza matrekta akamjibu papo hapo: "Nyasi zako hazihamii Nebraska mwezi wa Januari."

Watu walicheka, lakini nadhani yeye ndiye aliyesema lililokuwa moyoni mwa wengi. Mwaka ule ule kanuni ziliruhusu mchezaji kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mmoja. Shabiki aliyezoea kumtazama kijana akikua miaka minne, akajua kijiji chake na jina la mama yake, alianza kuona majina mapya kila mwaka. Malipo nilikuwa tayari kuyatetea mpaka jioni. Kwa hili sikuwa na jibu, kwa sababu hata mimi nimewahi kumlilia mchezaji wa Yanga aliyevuka mtaa.

Juni 2022, nikiwa nafunga mizigo, ikatangazwa kwamba USC na UCLA za California zitaingia Big Ten. Mzee alizima redio. Los Angeles! Kutoka Iowa City hiyo ni siku mbili na ushee kwa gari. Wauza matrekta waliapa kwamba siku ligi ikifika Pasifiki, wao wataketi kwao watazame mahindi yakikauka.

Ligi ilifika 2024, ikiwa na timu 18. Novemba Iowa walikwenda kucheza na UCLA, Ijumaa usiku, wakafungwa 20 kwa 17. Jumamosi asubuhi hapa Dar nikakuta ujumbe mrefu wa Mzee. Alilaani siku kuliko matokeo: Ijumaa usiku Iowa ni ya watoto wa sekondari, na sasa wakubwa wamewanyang'anya hata hiyo. Mwishoni akanipa habari za jirani. Wale ndugu wawili hawakuketi kutazama mahindi; walikata tiketi za ndege wakaenda. Pale Pasadena magari huegeshwa kwenye nyasi za uwanja wa gofu, na walitozwa bei ambayo Mzee aliirudia mara mbili kwa herufi kubwa. Alitaka nimshauri kama apandishe yake.