Asubuhi ya Wazazi Wetu

Marehemu baba hakuwa mtu wa sinema. Ni moja tu iliyoweza kumkalisha kitini: Lonesome Dove, mfululizo wa sehemu nne ulioonyeshwa katika televisheni ya Marekani mwaka 1989, kutokana na riwaya ya Larry McMurtry. Baba mdogo, aliyekuwa baharia, ndiye aliyetuletea kanda zake za video. Tuliitazama nyumbani Tanga, mara baada ya mara, hata picha zikaanza kuchezacheza.

Ni hadithi ya wazee wawili, askari wa zamani wa mpakani Texas, wanaoswaga ng'ombe hadi Montana. Gus, aliyeigizwa na Robert Duvall, maneno hayamwishi. Call, aliyeigizwa na Tommy Lee Jones, huweka yote moyoni. Kijana Newt ni mwanawe, na wenzake wanajua, lakini Call hatamki. Mwishoni anampa farasi wake. Jina lake hampi.

Baba alikuwa Call wetu. Siku nilipoondoka kwenda chuoni alivua saa yake ya mkononi, akanivisha, akageuka akaenda zake. Hakusema neno.

Basi nilipoipata Comanche Moon, iliyoonyeshwa mwaka 2008 kusimulia maisha ya watu hao hao kabla ya safari ile, niliiweka kando kwa miezi. Baba alikwisha kufariki, nami sikutaka kuona wageni wamekalia viti vya wenyewe. Steve Zahn awe Gus? Karl Urban awe Call? Siku moja mvua ilinifungia ndani, nikaitazama.

Ndugu msomaji, nilifurahi kuliko nilivyotazamia. Mwongozaji ni yule yule, Simon Wincer, na Zahn ameunasa vizuri mwendo na usemi wa Gus. Lakini utamu wenyewe ulikuwa kwingine. Mtazamaji anaujua mwisho, wao hawaujui. Gus anampenda Clara, na wewe unajua kuwa hatamwoa. Maggie anatamani Call amkubali mtoto, nawe unatamani umshike bega kijana yule umwambie: sema leo, kesho ulimi utakuwa mzito zaidi. Kumbe ukimya niliodhani amezaliwa nao ulikuwa na mwanzo wake, na angeweza kushika njia nyingine.

Hapo nikatambua jambo. Sisi watoto huwakuta wazazi wetu jua limekwisha kupanda. Asubuhi yao hatukuiona, na wengi wetu hatuiulizi mpaka jua lizame.

Jioni ile nilimpigia simu shangazi. Baada ya kumwamkia nikamwuliza baba alikuwaje ujanani. Alicheka sana.

"Baba yako? Alikuwa mcheza dansi huyo! Na usiku uliozaliwa wewe, aligonga mlango wa kila jirani kuwaambia amepata mtoto. Wengine walitoka na ndoo za maji, wakidhani kuna moto."

Nilibaki na simu mkononi muda mrefu. Miaka yote nilimhesabu kuwa ni mtu aliyeshindwa kulisema neno lile. Kumbe alilisema, tena kwa sauti kubwa, mtaa mzima ukasikia. Ni mimi tu niliyekuwa mdogo mno kulielewa.