Sinema za Mitego

Katika mchezo wa vitendawili, mwenye fumbo husema, "Kitendawili!" na wasikilizaji humjibu, "Tega!" Jibu hilo ni neno la mwindaji. Fumbo hutegwa kama mtego utegwavyo njiani, na mwenye kulifumbua husemwa kuwa amelitegua, kama mtu ateguavyo tanzi. Asiyeweza hudaiwa mji. Hutoa Mombasa, au Bagamoyo, au Lamu. Fumbo likaelezwa, watu wakacheka, na kulipokucha Mombasa ikawa iko pale pale ilipokuwa. Wazee waliouanzisha mchezo huu walijua kuwa akili ya binadamu hupenda kutegwa, wakaipangia deni lisilomfilisi mtu.

Iko aina ya sinema iliyojengwa juu ya mapenzi hayo hayo, ila deni lake ni jingine. Watu kadhaa huamka mahali wasipopajua. Mlango umefungwa, saa inakwenda, na sauti au maandishi huwaeleza masharti. Atakayefumbua ataishi, atakayeshindwa hatoi mji, bali hutoa mkono, au jicho, au roho. Sinema hizi ni nyingi, na wapenzi wake ni wengi zaidi kuliko wale wanaokiri hadharani. Mtu mpole, asiyeweza kutazama kuku akichinjwa, aweza kukaa mbele yake usiku kucha. Jamaa zake humwuliza apata faida gani humo, naye aghalabu hukosa la kujibu. Hata hivyo swali lao lastahili jawabu, kwa kuwa halihusu sinema tu. Lahusu moyo wa mtu atazamapo mateso ya mwenziwe, hali yeye mwenyewe yu salama kitini.

Swali hili si jipya. Seneca, mwenye hekima wa Roma katika karne ya kwanza, alimwandikia rafiki yake Lucilius habari za siku aliyokwenda kwenye michezo wakati wa adhuhuri. Alitaraji mzaha na mapumziko. Alikuta watu wakiuana bila ya ngao wala kofia za chuma, na umati ukishangilia. Aliungama kuwa alirudi nyumbani na ukatili zaidi, na utu pungufu, kwa sababu ya kukaa na watu wale. Yafaa kuangalia kuwa hakuwashutumu wauaji peke yao, bali alijishutumu na yeye aliyekuwa kitini. Damu ya Roma ilikuwa damu, na damu ya sinema ni rangi. Tofauti hiyo ni kubwa na haifai kusahauliwa. Lakini jicho la mtazamaji ni lile lile. Kwa hiyo kila sinema ya mitego yaweza kupimwa kwa kipimo cha Seneca: yamrudisha mtu kwake akiwa mtu wa namna gani?

Ya kale katika zifaazo kutazamwa ni The Most Dangerous Game ya mwaka 1932, iliyotokana na hadithi ya Richard Connell ya mwaka 1924. Rainsford, mwindaji mashuhuri, yumo merikebuni. Mwenziwe amwuliza kama angekubali kubadilishana nafasi na mnyama anayemwinda. Yeye ajibu kwa kiburi kuwa ulimwengu una watu wa aina mbili, wawindaji na wawindwao, na kuwa yeye kwa bahati ni wa aina ya kwanza. Maneno yake hayajapoa, merikebu yapanda mwamba. Aokoka peke yake, aogelea hadi kisiwani, na huko akaribishwa na bwana mmoja wa Kirusi, Zaroff, mwenye adabu njema na divai nzuri, aliyechoka kuwinda wanyama. Sinema hii ni ya saa moja na dakika chache tu, na sehemu ya msitu wake ndio ule ule uliotumiwa katika King Kong ya mwaka 1933. Watengenezaji wa baadaye wamekopa mengi humo: kisiwa, masharti, muda uliopimwa, na mwenyeji mwenye tabasamu. Lakini wengi walioikopa wamesahau kiini chake. Rainsford hakuwa mtu asiye na hatia. Alikuwa mtazamaji aliyeshushwa kitini akatiwa uwanjani, akajua kwa miguu yake mwenyewe yale aliyokuwa akiyaona kwa macho tu.

Baada ya hiyo yafuata Cube ya mwaka 1997, kazi ya Vincenzo Natali wa Kanada. Watu wachache wajikuta katika chumba cha mraba chenye mlango kila upande, na kila mlango waelekea chumba kingine kama hicho. Baadhi ya vyumba ni salama. Vingine vina waya zikatazo nyama, au tindikali, au miale ya moto. Chumba kilichojengwa kwa ajili ya kupigia picha kilikuwa kimoja. Rangi zake tu ndizo zilizobadilishwa, na macho ya mtazamaji yakaamini vyumba elfu. Kwa hesabu ya hadithi vyumba ni 17,576. Humo yumo polisi, yumo daktari, yumo mwanafunzi hodari wa hesabu, yumo mtoro mashuhuri wa magereza, na yumo kijana mwenye usonji ambaye wenziwe wamwona kuwa mzigo. Mtoro, aliyesifika kuliko wote kwa kutoroka, ndiye afaye mapema. Mwanafunzi agundua kuwa namba zilizochorwa milangoni zina siri, na kuwa namba tasa ni dalili ya hatari. Kisha kanuni yake yavunjika, na hesabu itakiwayo ni kubwa mno kwa kichwa chake. Awezaye kuifanya, kwa haraka kama kupumua, ni yule yule aliyeitwa mzigo.

Hata hivyo uzito wa Cube hauko katika hesabu. Uko katika maungamo ya Worth, mmoja wa wafungwa wale. Yeye ndiye aliyechora ganda la nje la jengo hilo. Alilipwa mshahara wake, hakuuliza jengo ni la nini, na hakujua nani aliyeliagiza. Wenziwe wataka kusikia habari za adui mkuu, serikali ya siri au tajiri mwendawazimu, kwa kuwa adui mwenye uso ni faraja. Worth awanyima faraja hiyo. Kwa maoni yake hapana mtu juu anayeendesha shauri lote. Kila mtu alifanya kipande chake, na vipande vikaungana vikawa mtego. Mtu aliyefanya kazi katika afisi yoyote kubwa, akatia saini karatasi asiyojua mwisho wake, hatayasikia maneno haya bila ya kujikuna.

Katika sinema zote za mlango huu, iliyo karibu zaidi na machozi ni Battle Royale, iliyotolewa Japani mwezi wa Desemba mwaka 2000, kutoka riwaya ya Koushun Takami ya mwaka 1999. Wanafunzi 42 wa darasa moja wapelekwa kisiwani kwa amri ya serikali. Kila mmoja avikwa kola yenye baruti shingoni, apewa mkoba wenye silaha ya bahati nasibu, na aambiwa kuwa baada ya siku tatu yapasa abaki hai mmoja tu. Mmoja afungua mkoba akuta bunduki; mwingine akuta kifuniko cha sufuria. Sinema hii ilizua mjadala hata bungeni, na watoto chini ya miaka 15 walikatazwa kuiona, yaani wadogo wa wale wale ambao habari yao ilikuwa ikisimuliwa.

Mwongozaji wake, Kinji Fukasaku, alikuwa mzee wa miaka 70. Alizaliwa Mito mwaka 1930. Alipokuwa na umri wa miaka 15, wakati wa vita, yeye na wanafunzi wenzake walifanyishwa kazi katika kiwanda cha silaha. Mwaka 1945 kiwanda kilipigwa mizinga. Vijana walijificha mmoja chini ya mwingine, na walionusurika walikuwa hai kwa ngao ya miili ya wenzao. Kisha wao ndio waliotakiwa kuziondoa maiti. Fukasaku alisimulia kuwa tangu siku hizo imani yake kwa maneno ya watu wazima ilikwisha. Alibeba jambo hilo kwa muda wa miaka 55 kabla ya kupata hadithi ya kulitia ndani. Hii ikawa sinema yake ya mwisho kukamilika. Alifariki mwezi wa Januari mwaka 2003.

Mwenye kujua habari hii huitazama Battle Royale kwa jicho jingine, hasa sehemu ya mnara wa taa. Wasichana sita marafiki wamejificha humo. Wamepika chakula, wanacheka kama siku za shule, na kwa kitambo kidogo mchezo hauna nguvu juu yao. Mmoja wao, kwa hofu, ametia sumu katika sahani moja iliyokusudiwa mgeni. Rafiki yake aila kwa pupa na ulafi wa utani, aanguka. Hapo kila mmoja amtazama mwenziwe, silaha zashikwa, na kwa dakika chache urafiki wa miaka wageuka maiti sakafuni. Hakuna kola iliyolipuka, wala askari aliyeingia. Walioweka masharti walijua kuwa shaka ikipandwa vizuri haihitaji msimamizi.

Saw ya mwaka 2004 ndiyo iliyoeneza jina la sinema hizi kila pembe ya dunia. Vijana wawili wa Australia, James Wan na Leigh Whannell, waliibuni. Ilipigwa picha kwa siku 18, kwa gharama ya dola milioni moja na kidogo, ikarudisha zaidi ya dola milioni 100. Wanaume wawili wamefungwa minyororo vifundoni katika hamamu chafu, na kati yao yuko mtu amelala katika dimbwi la damu. Wapewa misumeno, misumeno haikati chuma, lakini yaweza kukata mguu. Aliyewatega ni mgonjwa wa saratani adaiye kuwa hawaui watu, bali awafundisha thamani ya uhai.

Dai hilo ndilo jambo la hatari katika Saw, na mtazamaji yampasa alipinge. Mwalimu asiyeshiriki adhabu ya somo lake ni mtesaji aliyejipa cheo. Sinema ya kwanza yaacha nafasi ya kulipinga: damu yake ni kidogo kuliko sifa yake, na mwisho wake, usiofaa kusimuliwa hapa, waonyesha jinsi aliyekuwa akitazama alivyokuwa karibu. Lakini zilizoifuata, hata zikafikia 10 mwaka 2023, nyingi zilipenda mitambo kuliko watu. Waingiao humo hawana jina la kukumbukwa. Wapewa dhambi moja, kisha chuma. Mwaka 2006 mhakiki wa Marekani, David Edelstein, aliziita sinema za namna hii kwa jina la fedheha, akazifananisha na ponografia. Lawama yake haikuwa haki kwa zote, lakini kwa nyingi ilikuwa haki.

Mwongozaji Michael Haneke wa Austria aliamua kumnasa mtazamaji mwenyewe. Katika Funny Games ya mwaka 1997, vijana wawili wenye glavu nyeupe waingia katika nyumba ya mapumziko na kuwawekea mume, mke na mtoto dau juu ya uhai wao. Kijana mmoja ageuka akasema na watazamaji, kana kwamba wao ndio waliomtuma. Mke apata bunduki, ampiga mmoja, na mtazamaji afurahi; mwingine atwaa rimoti, arudisha picha nyuma, na kuiondoa furaha ile. Mateso mengi hayaonyeshwi. Kinachoonyeshwa ni hamu ya kuyaona. Sinema hii haipendezi, wala haikukusudiwa kupendeza.

Mwisho kuna Squid Game ya Hwang Dong-hyuk wa Korea Kusini, iliyoanza kuonyeshwa Septemba 2021. Si filamu moja, bali ni mfululizo. Hata hivyo haiwezi kuachwa. Watu 456 wenye madeni wacheza michezo ya watoto, na ashindwaye auawa. Baada ya mchezo wa kwanza wapiga kura, wapata wingi wa kura, waruhusiwa kwenda zao. Wafika makwao, wakuta madeni yao yanawangoja mlangoni, na walio wengi warudi kwa hiari. Baadaye waambiwa wachague wenzi. Mume achagua mkewe, rafiki achagua rafiki, kisha ndipo waelezwa kuwa watashindana kwa gololi, na mmoja wa kila wawili atakufa. Hapo mtego mkubwa wajulikana kuwa haukuwa kisiwani. Ulikuwa mjini, katika nyumba za kupanga, kabla ya mchezo kuanza.

Apendaye kuingia katika sinema hizi aanze na ile ya mwaka 1932, aendelee na Cube, atulie kwa Battle Royale, aitazame Saw ya kwanza, na amalizie kwa Funny Games siku ambayo moyo wake una nguvu. Watoto wasiitwe. Mwenye majonzi mapya angoje. Na sinema ikwishapo, kabla ya kusifu ufundi wa mitambo, ajaribu kuwataja waliokufa: nani alikuwa akimpenda nani, nani alishika kifuniko cha sufuria, nani alicheka mnaranini. Akiwakumbuka, ametoka salama, na huenda ametoka na huruma aliyokuwa hanayo. Akikumbuka magurudumu na misumeno tu, na arudi kwa Seneca. Wazee walisema kuwa mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Na mtu aliyeketi gizani, akitazama, huenda asijue yu miongoni mwa wapi.