Usiku wa Ma'mdogo

Najua nimepotea. Kuna walioambiana nimedisko, wengine eti nimeolewa. Hakuna cha disko wala cha ndoa jamani. Likizo nzima baada ya UE nilikuwa Tabata kwa mama yangu mdogo, nalala kwenye godoro chini, pembeni ya kitanda chake.

Ma'mdogo kafanyiwa operesheni ya kupunguza mfuko wa tumbo. Kaniruhusu niandike ilimradi nisimtaje jina, maana mtaani kwao watu wana midomo. Kwa wasiojua, hii siyo ile ya kunyonya mafuta kama jirani mmoja alivyotangaza dukani. Daktari anapitisha vyombo kwenye matundu madogo tumboni, anakata na kutoa karibu asilimia 80 ya mfuko, kinabaki kitu chembamba mfano wa ndizi. Alikuwa na kilo 130, kisukari, presha, na usiku anakoroma halafu pumzi inakatika kabisa kabla hajashtuka. Anayesema "si angekula kidogo tu" anitafutie mtu wa kilo hizo ambaye hajawahi kujaribu kula kidogo.

Mimi nilijiandaa kwa supu na vidonda. Habari ya usiku hakuna aliyeniambia.

Usiku wa kwanza nyumbani, saa nane, nasikia: "Mwanangu, bega." Kashika bega la kulia, jasho linamtoka, anasema ni moyo huo. Duh. Nikapiga namba ya zamu tuliyopewa hospitali. Nesi akauliza taratibu: anapumua vizuri? Mapigo yanakimbia? Ana homa? Mguu mmoja umevimba? Tumbo linazidi kuuma? Yote hapana, basi akanielekeza. Kumbe wakati wa operesheni tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili daktari apate nafasi ya kuona. Inayobaki inakisumbua kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na mishipa ya fahamu ya kiwambo inatokea shingoni sehemu moja na ya bega. Ubongo unachanganya mambo, mtu anasikia bega. Dawa yake? Kutembea. Basi tukatembea, kutoka kwenye kochi hadi mlango wa jikoni, kurudi, mimi nimembeba chupa ya maji kama mtoto, saa nane na nusu usiku. Siku ya tatu bega likaisha lenyewe.

Halafu mlalo. Aliambiwa alale chali lakini nusu kakaa, kichwa na kifua juu, asilalie tumbo mpaka daktari aseme. Hapo mito yote ya nyumba ilipangwa na yote ikateleza. Ikifika alfajiri mgonjwa yuko chini katikati ya kitanda, shingo imepinda. Mwisho nikachukua kiti cha plastiki, nikakipindua juu ya kitanda upande wa kichwani, ule mgongo wake ukawa mteremko, juu nikatandika kigodoro cha mtoto na mito miwili. Khanga iliyoviringishwa ikawekwa chini ya mapaja asiserereke. Chuo hakijawahi kunipa A niliyoifurahia kama kile kiti.

Kuamka nako kuna somo lake. Hainuki kwa tumbo. Anageuka ubavu mwili mzima kama gogo, anashusha miguu, mkono unasukuma godoro. Akitaka kukohoa anakumbatia mto tumboni. Kila akishtuka anachezesha vifundo vya miguu, maana damu ikikaa sana inaganda. Maji ni funda dogo dogo mchana kutwa; akigugumia kama zamani yanarudi yalikotoka.

Wageni walileta ushauri wa kila aina. Mmoja alikuja na vidonge vya usingizi kwenye karatasi, mwingine diklofenaki. Nilivirudisha vyote kwa heshima. Hivyo vya usingizi kwa mtu ambaye pumzi inakatika akilala vinaweza kumwongezea balaa, na za maumivu za jamii ya diklofenaki hospitali walishazikataza kwa sababu ya vidonda vya tumbo.

Ma'mdogo ana kimashine cha kusukuma hewa puani usiku, alipewa kabla ya operesheni. Usiku wa sita umeme ukakatika. Sikulala. Nilikaa kwenye godoro langu nikimsikiliza gizani, nahesabu: moja, mbili, tatu, nne, anavuta. Nikifika kumi namgusa. Mara ya nne namgusa akasema, "Nimeamka zamani, nakusikia unahesabu." Ndipo akaniambia kitu ambacho ukoo mzima hatukujua. Miaka miwili alikuwa analala amekaa kwenye kochi, televisheni imewashwa. Sisi tulimcheka kwamba mama wa tamthilia. Kumbe alikuwa anaogopa kitanda. Akilala chali anaamka anatapatapa, koo limeziba. Kisu hakikumtisha hata kidogo. "Nilitaka kulala tu, mwanangu," akasema.

Mimi nilinyamaza. Ungesema nini?

Wiki ya sita kapungua kilo 15 na daktari kamruhusu alale anavyotaka. Anapenda ubavu wa kushoto, kiungulia kinampungua. Kimashine bado anacho, mpaka apimwe tena usingizi. Kajisikia nafuu akataka kukiweka kabatini, nikamtishia nitamwambia bibi.

Mimi nimerudi bwenini, deka ya juu. Wa chini yangu anakoroma vibaya sana, na juzi nimejikuta namhesabia. Kesho nitamwambia akapime, ingawa najua atanuna.

Test ya saikolojia ya elimu ni Alhamisi na desa sijaligusa. Tutaonana.