Mzee Hajui Kukaa

Mzee alikuja stendi saa kumi na moja alfajiri akiwa amevaa koti la harusi. Ilikuwa Agosti 2019, na baridi ya Eldoret mwezi huo si ya mchezo, lakini tulikokuwa tunaenda unaweza kukaanga yai juu ya jiwe.

"Baba, utaiva na hilo koti."

"Wewe ndiye unanieleza Baringo?"

Haki yake. Alifanya kazi Baringo miaka kumi na tisa, weita katika hoteli moja ya ufukweni pale Kampi ya Samaki. Karo yangu ilitoka kwa bakshishi za Wajerumani waliokuja kutazama ndege. Alipoacha kazi alirudi Langas na hadithi chache sana, na nyingi zilihusu mahali ambapo hakuwahi kufanya kazi: hoteli ya mahema iliyoko kisiwani Ol Kokwe tangu miaka ya sabini. Mara kwa mara alitumwa kusindikiza wageni kwa boti, anashusha mabegi, anageuza. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kule ndani kukoje. Akasema kuna meza chini ya mti, watu hukaa wakitazama maji. Basi.

Kwa hivyo nilipopata kazi, niliweka akiba miezi mitatu. Chakula cha mchana cha watu wawili pamoja na boti kilikuwa karibu nusu ya kodi yangu ya Kapsoya. Na niseme ukweli, safari haikuwa zawadi tu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Mama aliuona, mimi niliuona, na yeye alikuwa ameanza kunywa chai akiwa peke yake jikoni. Kliniki hataki kusikia. Nilifikiri nikimtoa Langas siku moja, nikamlisha vizuri, nitapata mwanya wa kuongea.

Barabara hiyo unaijua kama umewahi kupita. Iten uko juu mawinguni na wakimbiaji wako barabarani kabla jua halijatoka. Halafu unaporomoka Tambach, masikio yanaziba, na ukifika daraja la Chebloch kwenye Mto Kerio tayari umetoa sweta. Unapanda tena hadi Kabarnet, unashuka tena hadi Marigat. Mzee hakuvua koti.

Kampi ya Samaki palimnyamazisha. Ziwa lilikuwa limeanza kupanda miaka kama minane hivi nyuma, na hoteli yake ilikuwa majini. Nahodha wa boti alitupitisha karibu: kuta zimesimama, maji yamefika madirishani, ndege wamekaa juu ya bati. "Pale ndipo jikoni," Mzee akasema, akionyesha maji matupu. Nahodha, kijana wa Ilchamus, akatueleza kwamba hakuna mto unaoonekana ukitoka ziwani, lakini maji yake si ya chumvi kama ya jirani yake Bogoria, kwa sababu yanapenya chini ya miamba. Mzee alijua hayo yote. Aliwaambia wageni hivyo hivyo miaka kumi na tisa. Alisikiliza mpaka mwisho na kusema, "Kumbe."

Kisiwani tulipokewa na maji baridi na taulo. Meza ilikuwepo. Mti ulikuwepo. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba baba yangu hajui kukaa. Aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa. Alinyoosha uma wangu. Weita alipoleta supu, Mzee akasimama kumpokea trei, nikamvuta koti.

"Kaa, Baba."

"Nimekaa."

Supu hakuigusa. Alisema ni moto. Ikapoa, akasema haina chumvi. Mkono ulikuwa chini ya meza muda wote. Mimi hotuba yangu nilikuwa nimeipanga tangu Iten, na sikuweza kuianza. Watu wa meza ya pili walikuwa wakicheka kwa Kifaransa.

Yule weita, kijana wa umri wangu hivi, aliondoa supu bila kuuliza kitu. Akaleta samaki ambaye tayari ametolewa miiba, amekatwa vipande. Halafu chai. Changu kikombe kilijaa. Cha Mzee kilijaa nusu tu, na kijana akabaki karibu, birika mkononi, macho kwenye ziwa. Mzee akakitazama kikombe. Akatoa mkono chini ya meza, akakiinua, kikatetemeka, hakikumwagika. Kijana akaongeza nusu nyingine.

"Huyu amefundishwa," Mzee akasema alipokwenda. "Mgeni mzee unajaza nusu, unaleta mara mbili. Mimi nilikuwa nafanya hivyo."

Akala samaki wote.

Kwenye boti aliniuliza, bila kunitazama, hiyo kliniki ni siku gani.

"Jumanne."

"Jumanne nina kikao cha kanisa."

Nikanyamaza. Tulipofika Kabarnet akasema kikao kinaweza kusogezwa.

Alikwenda. Ana dawa sasa, mkono una siku zake nzuri na mbaya. Ila 2020 ziwa lilipanda tena, vibaya. Twiga wa Longicharo walizingirwa na maji hadi wakalazimika kuhamishwa kwa chelezo la chuma, mmoja mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili 2021. Ripoti ya serikali ya mwaka huo ilitaja watu karibu laki nne waliohitaji msaada kwa sababu ya maziwa ya Bonde la Ufa kufurika. Mzee aliona twiga kwenye habari, amesimama ndani ya chelezo kama abiria. Akanipigia.

"Ile meza bado ipo?"

"Sijui, Baba."

"Mpigie yule kijana umuulize."

Nikamwambia sina namba yake. Hata jina lake sikuuliza. Mzee akanyamaza kwa muda, nikasikia redio ya Mama nyuma.

"Hata mimi sikuuliza," akasema. "Mimi!"