Kamera Itakayofika Usiku

Kijana wa kaka yangu amepata diploma yake ya serikali na sasa anataka kuwa mpiga picha hapa Uvira. Ana dola 250, akiba ya kuuza ndagala pale Kalundu. Alipokuja kuniomba ushauri, swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Baba mdogo, nitafute ya megapikseli ngapi?" Nikamuuliza betri ataichaji wapi, na saa ngapi.

Umeme wetu unatoka mto Ruzizi, na kila mkazi wa hapa anaujua ulivyo. Unarudi usiku wa manane watu wakiwa wamelala, unakatika tena kabla maji ya chai hayajachemka. Harusi haiusubiri. Asubuhi maharusi wako ofisi ya serikali, kisha kanisani, mchana wako ufukweni kwa picha za ziwa, jioni ukumbini, na zawadi hutolewa usiku. Jenereta ya ukumbi ni ya muziki na taa. Mpiga picha anayezunguka na chaja mkononi akitafuta soketi hapati wa kumsikiliza.

Kwa hiyo nilimwonyesha namba. Nikon D3500 na Canon EOS M50 zote zilitoka mwaka 2018, zote ni za megapikseli 24. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, ya kwanza inapiga picha 1,550 kwa chaji moja, ya pili karibu 235. Sababu ni namna ya kutazama. Ndani ya Nikon kuna kioo kinachopeleka mwanga kutoka kwenye lenzi mpaka jichoni mwako, na kazi hiyo haili umeme. Canon ile haina kioo hicho, basi kihisi na skrini hubaki vimewaka muda wote unaotazama. Ni kamera nzuri, na anayetaka video ataipenda, lakini kwa mji huu na kwa fedha hizi singemshauri. Akiba yake inatosha D3400 iliyokwisha kutumika, ya mwaka 2016, inayopiga picha 1,200. Ila alizoee tundu la kuchungulia. Akianza kutazamia skrini, hesabu hiyo yote inaporomoka.

Zipo pia kamera ndogo za betri za kawaida, zile za tochi. Betri zenyewe hazikosekani dukani, lakini za bei ya chini hazimudu kamera, zinakufa upesi sana.

Kifaa kilichotumika hukaguliwa kwa mkono. Fungua mlango wa betri uchungulie vile vyuma vidogo ndani: vikiwa na kutu ya kijani, unyevu umeshaingia. Toa betri, ilaze juu ya kioo cha meza, isukume pembeni kwa kidole. Iliyo nzima inateleza kidogo na kutulia. Iliyovimba tumbo inazunguka pale pale. Soma na maandishi yake. Betri halisi ya Nikon hizo imeandikwa 1230 mAh, na ukikuta ya bei rahisi inayojigamba mara mbili ya hapo, irudishe mezani.

Kijana aliniuliza kwa nini naishikilia betri kiasi hicho. Kwa sababu ndiyo inayoamua nani apigwe picha. Tazama utaratibu wa sherehe zetu: kwanza maharusi, kisha mchungaji, wageni wa heshima, wenye gari, wenye suti. Bibi aliyekaa pembeni ya ukuta na fimbo yake, akina mama walioko jikoni tangu alfajiri, watoto wa majirani, hao hufikiwa mwishoni. Ile alama ya betri ikianza kuwa nyekundu, mpiga picha anaanza kubana, na siku zote anawabania wasio na cheo. Wala hana roho mbaya. Ni uchache wa kitu mkononi unaomchagulia watu.

Hata msibani kipimo ni kudumu mpaka mwisho, kama betri. Siku ya kwanza uwanja unajaa, siku ya tano unahesabu waliobaki kuchota maji na kupanga viti. Nimejifunza kumpima mtu, na hata ahadi yangu mwenyewe, kwa siku ile ya tano.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika. Watu kadhaa walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, na albamu zikaenda na matope. Siku zilizofuata familia zilitafuta sura za wapendwa wao waziweke juu ya jeneza. Wengine walikuwa na ile tu ya kadi ya mpiga kura, ikakuzwa mpaka uso ukawa nukta nukta. Wengi wa marehemu hao walikuwa wamehudhuria harusi nyingi, wamepika, wamecheza, wamebariki maharusi. Picha zao hazikuwepo.

Tumekubaliana atafute D3400, anunue betri ya pili iliyo halisi, na akilipwa mara ya kwanza aweke fedha ya diski ya kuhifadhia nakala, ikae mbali na mto. Harusi yake ya kwanza ni ya mtoto wa jirani. Nimemwomba siku hiyo aanzie jikoni.