Mtumiaji Wetu Alikuwa Shangazi Yangu

Wiki ya tatu ya kozi, picha ikatokea ukutani na darasa zima likacheka. Ilikuwa picha ya mwanamke, amepigwa kwa nyuma, alfajiri, kainama juu ya mtaro na mfuko mkononi. Amejifunga khanga ya njano ya korosho. Chini ya picha mwenzetu wa kikundi alikuwa ameandika: "Mtumiaji asiyebadilika." Nilikuwa nimekaa mstari wa pili, na mle ndani mimi peke yangu niliyeijua ile khanga. Jumapili iliyotangulia niliifua kwa mikono yangu.

Nikanyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo lililonifanya niandike.

Nasoma ualimu, nina miaka ishirini na miwili, naishi Tandika kwa shangazi. Kozi yenyewe ilikuwa ya hiari, kuhusu kubuni vitu vinavyobadili tabia za watu. Kiukweli wengi wetu tuliichukua kwa sababu tulisikia kazi yake ni mradi, hakuna mtihani wa kukesha wala hofu ya sapu. Darasa lilikuwa mchanganyiko: sisi wa ualimu, wa kompyuta, na wachache wa sosholojia.

Siku ya kwanza mhadhiri alitufundisha mfano wa BJ Fogg, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Fogg anasema tabia hutokea pale mambo matatu yanapokutana kwa wakati mmoja: hamasa, uwezo na kichocheo. Kikipungua kimoja, tabia haitokei. Chukua siku ya bumu. Hamasa unayo tangu wiki iliyopita. Mashine ya kutolea pesa iko getini, kwa hiyo uwezo upo. Simu ikilia tu kwamba pesa imeingia, nani atabaki hosteli?

Akatusimulia pia darasa la huyo huyo Fogg la mwaka 2007. Wanafunzi walitengeneza programu ndogondogo za Facebook, na ndani ya wiki 10 zikapata mamilioni ya watumiaji. Darasa zima tukasisimka. Wanafunzi kama sisi! Wala hatukukaa sana kwenye sehemu ya pili ya hadithi, kwamba Tristan Harris, mmoja wa waliopita kwenye maabara ya Fogg, baadaye alikuja kujulikana duniani kwa kupinga jinsi kampuni za teknolojia zinavyonasa akili za watu. Sehemu hiyo tuliiandika kwenye daftari, tukageuza ukurasa.

Kazi ikatolewa: kikundi cha watu watano, tabia moja, watu halisi, wiki nane. Mimi ndiye niliyependekeza taka kwenye mtaro wa mtaani kwetu. Nilikuwa na sababu nzuri. Dar tunajua mtaro ukiziba maana yake nini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Wanafunzi waliotutangulia, wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walishiriki mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015, wakapita mitaani pamoja na wakazi kuchora mitaro na maeneo yanayofurika. Nilisema sisi tuanzie walipoishia. Nilikuwa pia na sababu ya pili ambayo sikuitaja: hakukuwa na nauli.

Wenzangu walijua naishi Tandika kwa shangazi, ila hakuna aliyewahi kufika. Mmoja wao alikuwa amepanga geto mtaa wa pili, akajitolea kuhesabu mifuko ya taka kwenye mtaro kila alfajiri. Asubuhi ya kwanza ilikuwa 11.

Tukafanya kile ambacho kila kikundi hufanya. Tukachapisha mabango yenye rangi, picha ya nyumba iliyojaa maji na maneno ya kuchoma moyo. Tukaomba kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, tukawa tunatuma ujumbe kila jioni. Tukahesabu tena baada ya wiki moja na nusu. Ilikuwa 10.

Hapo ndipo mwenzetu alipopiga ile picha, na hapo ndipo darasa lilipocheka. Mhadhiri aliuliza kama tumeshazungumza na huyo mama. Tukasema bado, tutaweka kwenye hatua inayofuata. Ukiona kikundi kinasema "hatua inayofuata", ujue hakikuwa na mpango.

Siku tatu sikumwambia shangazi kitu. Ya nne nilimkuta jioni kwenye karai lake, anageuza vibua.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona umenywea hivyo, umefeli?"

Nikamwambia. Kwamba kuna picha yake chuoni, amepigwa kwa nyuma, akiwa mtaroni, na kwamba mradi ni wa kikundi changu. Akaendelea kugeuza samaki kama hajanisikia. Halafu akauliza, "Walicheka?"

"Walicheka."

"Na wewe?"

Sikujibu. Mteja akaja akataka samaki wa elfu mbili, akamfungia, akampa chenji. Alipoondoka shangazi akasema, "Waite hao wenzako. Waje Jumamosi mchana, nikisharudi Feri. Waje wakae."

Wakaja wote wanne. Tulikaa uani kwenye mkeka, akatuwekea wali na samaki kwanza, kwa sababu kwake hakuna mazungumzo ya tumbo tupu. Mpiga picha wetu chakula kilikuwa hakipiti. Akasema, "Mama, naomba radhi." Shangazi akamwambia radhi ameipokea, sasa aifute picha hapo hapo yeye akiona. Ikafutwa, na kwenye kundi letu ikafutwa, na kwenye slaidi ikafutwa.

Ndipo akatufundisha. Naandika kama alivyosema, kadiri ninavyokumbuka.

"Gari la taka linapita Jumanne, saa nne asubuhi. Saa nne mimi niko wapi? Niko Feri nagombania samaki. Nikirudi naparua, natoa matumbo, nakaanga, nauza mpaka usiku. Matumbo ya samaki yakilala humu siku mbili, wapangaji wenzangu wataniacha? Mwenye nyumba ataniacha? Kwa hiyo nafunga, naweka nyuma ya mlango, nikitoka saa kumi alfajiri natupa. Alfajiri hakuna anayeniona. Ndivyo nilivyodhani."

Mmoja wetu akauliza kama aliliona bango.

"Nimelisoma. Limeandikwa vizuri. Halijaniambia nitupe wapi."

Jamani, tulikuwa na daftari zima la nadharia na hatukuwa na jibu. Fikiria: mtu anayesubiri giza ndipo atupe taka, huyo anahitaji kuambiwa kwamba ni vibaya? Anajua. Aibu anayo tayari. Katika yale mambo matatu ya Fogg, hamasa haikupungua hata tone, na sisi wiki nzima tulikuwa tunammiminia hamasa. Kilichokosekana ni uwezo. Fogg mwenyewe anasisitiza hilo, kwamba kabla hujahangaika kumtia mtu moyo, mrahisishie jambo. Tulilisoma, tukalipigia mstari, tukaenda kuchapisha mabango.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sisi wa ualimu tulishafundishwa jambo hili kwenye elimu ya watu wazima, tena kwa mfano wa hapa kwetu. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikutana kwenye vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma kitabu pamoja. Ila kipindi kikiisha hawakurudi tu nyumbani. Walikaa wakajadili hali ya hapo kijijini kwao, wakakubaliana wafanye nini, wakashika majembe wakachimba vyoo, wakafyeka kuzunguka nyumba. Redio ilileta jambo, lakini uamuzi na kazi vilikuwa vya wanakikundi. Nililijibu hilo kwenye jaribio nikapata alama nzuri. Halafu nikaenda Tandika na bango.

Kuna upande mwingine pia. Tulikuwa sekondari Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Sikumbuki mtu aliyebadilika moyo siku ile. Ninachokumbuka ni kwamba mangi hakuwa tena na mfuko wa kukupa, ukitaka nyanya uje na kikapu au ununue mfuko mbadala. Mifuko ikapotea kwa kasi. Lakini palepale vile vifungashio vyepesi vya plastiki vikaanza kubeba nyanya na vitunguu, kwa sababu mtu mwenye shilingi mia tano mkononi bado anahitaji kitu cha kubebea. Sheria ilifunga mlango mmoja, hitaji likabaki pale pale likitafuta mwingine.

Basi tukarudi mezani, safari hii mezani ni mkekani. Shangazi akawaita wenzake wawili wanaokaanga samaki mtaa ule. Wao ndio waliosema gari halina haja ya kubadilishwa, kuna kijana wa guta anayepita jioni na maboksi matupu. Wao ndio waliopanga bei. Sisi tulinunua ndoo tatu za rangi zenye mfuniko, tukazisugua, na mimi nikaenda na shangazi kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba kijana aruhusiwe kupeleka taka kizimbani sokoni. Kazi yetu wasomi ikawa ndoo na barua. Kila siku saa kumi na moja jioni guta likigonga kengele, ndoo zinatoka. Kichocheo tukapata bure.

Wiki ya nane mifuko ilikuwa 3. Hatukumaliza tatizo, pampasi bado zipo na kuna nyumba ambazo hatukuzifikia. Wiki mbili baada ya kuwasilisha, yule kijana akapata bodaboda akaacha guta. Niliposikia nikasema basi, yameisha. Kumbe shangazi na wenzake walishampata mwingine, wanamlipa zaidi kidogo, wala hawakuona sababu ya kunitaarifu. Hilo lilinifurahisha kuliko alama.

Lakini bado kuna kinachonisumbua, na ndicho nataka niwaachie wenzangu mnaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha. Mwaka jana, kwenye mazoezi yangu, kulikuwa na msichana wa kidato cha pili aliyechelewa karibu kila siku. Nilimsimamisha nje ya darasa kila alipochelewa. Nilimpa hotuba kuhusu nidhamu na maisha ya baadaye. Ilikuwa bango langu la kwanza, sema sikujua. Sote tumesoma hapa mjini, tunajua kondakta anavyoziba mlango akiona sare, kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo na siti ni ile ile. Sikumuuliza hata mara moja anapanda gari wapi, au anaachwa na magari mangapi. Nilimwandika kichwani: mwanafunzi asiyebadilika.

Sasa najiuliza swali kabla sijafungua mdomo: huyu anakosa nini, moyo au njia? Mara nyingi, kwa niliyoyaona, ni njia. Na ukitaka kuijua inabidi ukae naye, tena mchana, akiwa anakuona. Ukimpiga picha kwa nyuma utapata mfuko na mtaro, basi. Feri hutaiona, mwenye nyumba hutamwona, wala Jumanne saa nne hutaiona.

Neno "mtumiaji" bado tunalitumia darasani, na sina ugomvi nalo. Ila kila nikilisikia naiona ile khanga ya njano.

Shangazi hajanirudia lile swali lake. Anaendelea kuniita mwanangu, ananiwekea kibua kikubwa, na gazeti hili nikimpelekea atalisoma lote kabla hajafungia samaki. Kwa hiyo acha nimjibu hapa. Ndiyo, shangazi. Walipocheka, na mimi nilicheka kidogo, ili nisijulikane. Naomba radhi.